Mapigo 124, na mtihani wangu haukuuliza

Mimi ni mkunga na mwalimu wa uuguzi, nimeshika chaki mwaka wa 13 sasa na kabla ya hapo nilikaa wodi ya wazazi miaka sita. Mitihani ya vitendo niliyosimamia ni mingi sana siwezi kuihesabu tena. Leo nataka niandike jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu kuhusu hivi tunavyowapima hawa watoto kabla hatujawaachia wagonjwa, kwasababu kuna mtihani niliutunga mwenyewe kwa mkono wangu, ukampa binti mmoja maksi 94, na wiki tatu baadae binti huyohuyo akampita mama anayevuja damu akaenda zake kitanda kinachofuata.

Ilikuwa 2018, wanafunzi wa mwaka wa pili diploma. Kwa ambao hamjui, mtihani wetu wa vitendo tunauita OSCE, unakuwa na vituo, kila kituo kina kazi yake na mtahini wake amekaa na cheklisti, kengele ikilia unaingia, unafanya, ikilia tena unatoka unaenda kituo kingine. Kituo changu mimi kilikuwa cha kupima mama aliyetoka kujifungua, yaani joto, mapigo, upumuaji, presha, kuandika kwenye chati. Mgonjwa wa kuigiza alikuwa mama mmoja wa jikoni pale chuoni, mtu mzima, mcheshi, analala pale kitandani na khanga yake wanafunzi wanampima mmoja baada ya mwingine toka asubuhi mpaka jioni.

Yule binti aliingia akafanya kila kitu. Amenawa mikono, amejitambulisha, ameomba ridhaa, amevuta pazia, amehesabu mapigo dakika nzima akiangalia saa yake, kafu ya presha ameifunga mahali pake, ameandika vizuri kwa mwandiko wa kupendeza, amemshukuru mgonjwa, amenawa tena. Nikaweka tiki mpaka chini. Alivyotoka nilijisikia raha, nikasema huyu tayari.

Baada yake, sio mara moja, wawili watatu mbele, akaingia kijana mmoja mpole hivi, anaongea taratibu. Yeye alikaa kwanza anaongea na mgonjwa, mama umeamkaje, mtoto ananyonya, umekula nini, mpaka dakika zinaenda, presha akaipima kengele inakaribia kulia, chati hakuimaliza. Nikampa alichostahili kwa mujibu wa karatasi, 47. Akapata sapu, yaani kurudia mtihani, kwenye kituo hicho.

Wiki tatu baadae tuko wodini, mimi nimeenda kuwasimamia. Asubuhi imechangamka, akina mama wengi, wengine wawili kitanda kimoja, unajua hali. Binti nilimpa upande wa kulia awapime wote, kijana nilimpa kubadilisha mashuka na kusaidia akina mama kunyonyesha. Mama wa kitanda cha nne alikuwa amejifungua saa mbili na robo, mtoto wa tatu, salama kabisa. Saa nne kasoro binti kampima, kaandika, kaenda kitanda cha tano. Saa nne na dakika kumi hivi yule kijana akanifata nikiwa mezani nasaini madaftari yao, akasimama pembeni kama anaogopa kunikatiza, akasema, "Madam samahani, njoo umuone yule mama wa nne, mi simuelewi. Ameniomba maji mara mbili, alafu mkono wake wa baridi."

Nikainuka. Mama amelala kajifunika shuka mpaka kifuani, macho yanahangaika, anageuka huku anageuka kule, ukimuuliza unajisikiaje anasema sijambo sista, naomba maji tu. Nikafunua shuka. Khanga ya chini imelowa yote, mpira wa kitandani damu imejikusanya kwenye mkunjo pale nyuma ya mgongo, mahali ambapo ukisimama mbele ya kitanda huwezi kuona. Nikagusa tumbo, kizazi kiko juu ya kitovu kimeegemea upande, laini, kimelegea kabisa. Kibofu kimejaa. Basi tukaanza, namkanda kizazi naita watu, inchaji akaja mbio, sindano ya oksitosini ya kukaza kizazi, kanula mbili mikono yote miwili, dripu, mpira wa mkojo ukatoa mkojo mwingi mno, damu ikapelekwa maabara kupimwa grupu, daktari akafika akamkagua akatoa mabonge na kipande cha utando kilichobaki. Kizazi kikashika. Aliongezewa chupa moja ya damu, siku ya nne akaruhusiwa, akaondoka na mtoto wake wa kike amefungwa kwenye kitenge kipya.

Nilipotulia ndo nikaenda kuchukua chati. Imeandikwa vizuri, kalamu ya bluu: joto 36.4, upumuaji 24, presha 100/60, mapigo 124. Nimeisoma nikaisoma tena. Yaani ilikuwepo pale yote, mwili wa yule mama ulikuwa umeshasema na binti alikuwa amesikia akaandika alichosikia.

Nikamwita pembeni, sikumfokea, nilikuwa mwenyewe bado natetemeka. Nikamuuliza, ulivyopata mapigo 124 uliwaza nini. Akaniangalia akaanza kulia, akasema, "Madam, presha ilikuwa haijashuka chini ya 90. Na kwenye mtihani tulikuwa hatuulizwi maana yake nini, tulikuwa tunaangaliwa kama tumehesabu dakika nzima."

Sikuwa na jibu. Usiku nikatoa ile cheklisti yangu nikaisoma mstari kwa mstari, mistari 20, nikatafuta mmoja tu unaomtaka mwanafunzi aniambie namba aliyopata inamaanisha nini au atafanya nini nayo. Haukuwepo. Kunawa mikono maksi mbili, kujitambulisha moja, kuvuta pazia moja, kuhesabu mapigo dakika nzima mbili, kuandika mbili. Mwanafunzi angeweza kuandika mapigo 160 akamshukuru mgonjwa akatoka na mia kwa mia. Na yule kijana niliyempa sapu alikuwa amefanya kwa mama wa jikoni kilekile alichofanya wodini, kukaa, kuongea, kumwangalia mtu usoni na kumshika mkono, vitu ambavyo kwenye karatasi yangu havikuwa na mstari hata mmoja.

Hapa niseme kitu cha kitaalamu kidogo kwa wanaofundisha na wanaosoma, maana hiki ndo wengi wanakosa. Mama mjamzito damu yake imeongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, kwahiyo akianza kuvuja mwili unajikaza, mishipa inabana, moyo unaongeza mwendo, na presha inaweza kubaki nzuri kwa muda hata kama ameshapoteza damu nyingi. Presha ikishuka ujue umechelewa. Kinachotangulia ni mapigo, ni ubaridi wa mikono, ni kiu, ni kuhangaika, ni mtu kusema sijambo huku macho hayatulii. Kuna hesabu rahisi siku hizi tunawafundisha, chukua mapigo gawa kwa presha ya juu, mama aliyejifungua ikizidi 0.9 ushtuke. Yule wa kitanda cha nne, 124 gawa kwa 100, ni 1.24. Hesabu ya darasa la tano lakini hakuna aliyeombwa aifanye.

Na damu kwa macho tunadanganyika sisi wote mpaka wakongwe, hasa ikiwa imenyonywa na khanga na godoro. Ndo maana ule utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, walimwekea mama plastiki maalum yenye vipimo chini yake ili damu ionekane ni kiasi gani, alafu ikizidi matibabu yote yanaanza kwa pamoja, kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu isiendelee kutoka, dripu, kumkagua na kuita msaada, na zile hali mbaya za kutoka damu zikapungua kwa asilimia 60. Dawa zile tulikuwa tunazijua, tofauti kubwa ilikuwa kugundua mapema na kutosubiri. Mi naposoma vile namkumbuka yule kijana na mkono wa baridi.

Sasa nisieleweke vibaya, OSCE yenyewe sio mbaya. Ililetwa na Ronald Harden kule Dundee, Scotland, 1975, na kabla yake mtu alikuwa anapewa mgonjwa mmoja na mtahini mmoja, ukikutana na mgonjwa mgumu au mtahini aliyeamka vibaya basi bahati yako. Vituo vikaleta haki, kila mtu kazi ileile karatasi ileile. Shida ni sisi tunachoweka ndani ya hizo karatasi. Tiki ni rahisi kuweka kwa kitu kinachoonekana, mikono imenawa au haijanawa, na kitu cha kichwani kigumu kukitilia tiki kwahiyo tunakiacha. Mwisho wanafunzi wanasomea tiki. Wanapeana madesa ya cheklisti, wanakariri kama shairi, na mtakuwa mmewaona wanaingia kituoni wanasema "nimezingatia faragha ya mgonjwa" na pazia liko wazi, wanasema tu, mtahini anaweka tiki kwasababu kasikia neno.

Nikaanza kubadilisha. Mwaka uliofuata nilitunga kituo ambacho nadhani ndicho kimenifundisha zaidi ya vyote. Mama ana kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, alishapewa dozi ya kuanzia, na sasa ni muda wa dozi yake ya kila saa nne, gramu 5 kwenye msuli. Faili lipo, daktari ameandika, dawa iko kwenye trei imeshavutwa. Mwanafunzi anaambiwa tu, mhudumie mama huyu, ni saa nane mchana. Pembeni nimeweka chati: upumuaji 11 kwa dakika, mkojo saa nne zilizopita jumla mililita 70, na ukimgonga goti mgonjwa wetu wa kuigiza tumemfundisha asitikise mguu hata kidogo.

Anayejua anajua, hiyo sindano haichomwi. Kabla ya kila dozi upumuaji uwe 16 au zaidi, goti lijibu, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Huyu mama sumu ya dawa imeshaanza, unazuia dozi, unaita msaada, unasimamia pumzi yake, unaandaa kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga sumu hiyo. Na hayo masharti matatu ukiwauliza darasani wanakujibu kwa pamoja kama wimbo wa shule. Lakini pale kituoni wengi wao walinawa mikono vizuri, wakahakiki jina la mgonjwa, wakahakiki jina la dawa, wakahakiki muda, wakapaka spiriti, wakachoma. Wakachoma kwenye lile godoro dogo la mazoezi nililomfungia pembeni, sio mgonjwa, lakini mi kila sindano iliyoingia nilikuwa naisikia mwilini. Mmoja alihesabu upumuaji mwenyewe akapata 11, akaandika 11, akachoma.

Wengi walifeli na nilidhani nimefanya kazi nzuri, nimewaonyesha. Mpaka binti mmoja akaja ofisini, hajaja kubembeleza maksi, akasema madam mimi najua hayo masharti lakini toka nimeanza wodini sijawahi kuona mtu anamgonga mgonjwa goti kabla ya kuchoma, na sijawahi kuona nesi anaacha kutoa dawa iliyoandikwa na daktari, kwahiyo pale nilijua nikiacha ndo nitafeli. Akaniachia hilo akaenda zake. Kwakweli nililala vibaya siku hiyo kwasababu nilikuwa nimewapima kitu ambacho sikuwafundisha. Niliwafundisha masharti kwenye ubao alafu nikawapeleka wodini wakafundishwa kutii chati, na kwenye mtihani nikawahukumu kwa kutii.

Kwahiyo mabadiliko ya kweli hayakuwa kwenye mtihani, yalikuwa kwenye asubuhi zetu. Tukianza zamu, kabla hawajashika kitu chochote, natembea nao vitanda vyote dakika kumi hivi, hatuongei, alafu tukitoka koridoni nauliza swali moja, nani humu ndani amekutia wasiwasi na kwanini. Siku za mwanzo wanakaa kimya, au wanataja utambuzi ulioandikwa kwenye faili, "madam yule wa malaria". Nakataa, nasema sitaki jina la ugonjwa, nataka ulichokiona. Baada ya mwezi wanaanza, madam yule bibi wa pembeni jana alikuwa anatusalimia leo hajatuangalia, madam yule mtoto mama yake anamlazimisha uji hamezi, madam yule baba kakaa kainama mbele anashindwa kulala. Mi hapo moyo unafurahi maana hicho ndo chenyewe, kuona kwanza. Alafu tunaenda kupima kuthibitisha, alafu tunaongea ingekuwa zamu yako peke yako usiku ungeanza na nini, na ukishafanya utarudi kuangalia nini na baada ya muda gani. Hilo la kurudi wanalisahau sana, wanatoa dawa ya kushusha homa wanaweka tiki, hawarudi kumgusa mtoto.

Na maswali ya kuandika nikayageuza hivyohivyo. Zamani nilikuwa naandika taja dalili tano za upungufu wa damu mwilini baada ya kujifungua, wanataja tano, wengine saba, wanapata. Sasa hivi nampa mgonjwa anayetembea na muda. Saa mbili usiku baba wa miaka 58 amerudi kutoka tiata, hali hii na hii, vipimo hivi. Swali, ni kitu gani hapa kina maana na kipi unaweza kukiacha kwa sasa. Ukurasa wa pili saa nne usiku, vipimo vimesogea kidogo tu, hamna kilichovuka mstari, ila vyote vimesogea upande mmoja. Swali, unadhani nini kinaendelea, taja viwili, kipi kinaua haraka zaidi. Ukurasa wa tatu umeshafanya ulichofanya, saa tano vipimo ni hivi, je imesaidia. Karatasi za nyuma wanakusanyiwa kwanza wasirudi kufuta. Kusahihisha ni kazi, siwadanganyi, unakaa na karatasi moja robo saa kwasababu mtu anaweza kujibu tofauti na wewe na akawa na hoja, unatakiwa kusoma sababu yake.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alienda Marekani, akafanya ule mtihani wao wa leseni wa NCLEX, akanielezea kwa simu nikamkatiza katiza kwa maswali mpaka salio likaisha. Wameubadilisha toka Aprili 2023, wamelenga hasa hiyo kufikiri kwa kitabibu, unapewa faili la mgonjwa linalofunguka na maswali yanafatana, tambua dalili, zichambue, panga kipi kina uzito, fikiria suluhisho, chukua hatua, alafu tathmini matokeo. Maswali ni kuanzia 85 mpaka 150, kompyuta inapandisha au kushusha ugumu kulingana na unavyojibu. Akaniambia, "Madam, nilivyofungua kesi ya kwanza nilikumbuka ile koridoni." Nilinyamaza kidogo kwenye simu.

Kuna kituo kingine lazima nikiseme, kituo cha simu. Mwanafunzi anapewa mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia, yuko kwenye oksijeni, jioni saturesheni yake, yaani oksijeni kwenye damu, ilikuwa asilimia 94, sasa hivi saa nane usiku 86, anapumua 62 kwa dakika wakati umri wake ikifika 40 tu tunaita haraka, kifua kinaingia ndani, hanywi, analegea. Kuna simu mezani, piga kwa daktari wa zamu. Nyuma ya pazia amekaa mwalimu mwenzangu wa kiume ana sauti nzito, yeye ndo daktari, na kazi yake ni kujibu kwa uchovu, "mpe parasetamo nitakuja asubuhi".

Mara ya kwanza tumekiweka, karibu wote walisema "sawa dokta" wakakata simu. Sawa dokta. Mtoto ana 86. Na hawa wanajua, ukiwauliza baada ya pale wanakueleza vizuri kabisa kwamba mtoto yuko hatarini. Mmoja akasema ukweli, madam kule wodini tukipiga simu usiku tunafokewa, na wewe mwenyewe ulishawahi kutuambia tusibishane na wakubwa. Nikakumbuka ni kweli niliwahi kusema, mwaka wa kwanza, siku ya nidhamu. Tunawalea hawa watoto kwa kuwafokea, nesi anamfokea mwanafunzi, daktari anamfokea nesi, alafu tunategemea saa nane usiku mtu wa miaka 21 apate ujasiri wa kumwambia mkubwa hapana. Ujasiri nao ni ujuzi, unafanyiwa mazoezi kama kuchoma sindano.

Tukaanza kuwafanyisha mazoezi ya kupiga simu darasani, kwa sauti, mbele ya wenzao. Sema wewe ni nani na uko wapi, mgonjwa ni nani, kimebadilika nini toka saa ngapi, wewe unaona ni nini, unataka afanye nini, na sio "naomba uje ukipata nafasi", sema naomba uje sasa hivi. Akikataa unaeleza tena mara moja, ukishindwa unasema unampigia anayefuata, na unaandika kwenye faili. Mwaka jana binti mmoja mfupi mwembamba, sauti inatetemeka kabisa, aliambiwa ampe parasetamo akavuta pumzi akasema, "Dokta samahani, homa sio tatizo lake. Saturesheni 86 akiwa kwenye oksijeni. Naandika hapa saa nane na dakika kumi nimekuita, na kama huji nampigia bosi wako sasa hivi." Mwenzangu nyuma ya pazia alikaa kimya, alisahau mstari wake unaofata, alafu akasema nakuja.

Nisiseme uongo kwamba kila kitu kimenyooka. Kesi zinavuja, wakitoka wa kwanza tu grupu la WhatsApp limeshajaa, kwahiyo siku hizi tunawazuia pamoja chumba kimoja na simu tunakusanya, na namba za kwenye kesi tunabadilisha katikati, asubuhi upumuaji 11 hachomwi, mchana upumuaji 18 goti linajibu mkojo upo anachomwa, aliyekariri kwamba "kwa madam hachomi" anaonekana. Watahini tunachoka pia, mwanafunzi wa 40 saa kumi jioni hapimwi na mtu yuleyule aliyempima wa kwanza, nimejiona mwenyewe natoa maksi ili niende nyumbani, kwahiyo tunabadilishana vituo na tunakunywa chai kwa zamu. Na wenzangu wengine walinipinga, wakasema mtihani wa mwisho wa juu unataka cheklisti na wewe unawapotezea watoto muda. Nawaelewa. Cheklisti sijaitupa, mikono lazima inawe na jina la mgonjwa lazima lihakikiwe, ila nimeongeza swali mwisho wa kila kituo, umeona nini na utafanya nini kwanza, na hilo peke yake lina maksi za kutosha kumfelisha aliyenawa vizuri.

Na lugha. Hii inaniuma. Mitihani yetu ya kuandika ni kwa Kiingereza, na mgonjwa anasema moyo unanienda mbio, anasema kichomi, anasema mwili umekufa ganzi, anasema naona kizunguzungu nikisimama. Nina wanafunzi wanaomsoma mgonjwa kama kitabu lakini ukimpa karatasi anaandika mistari miwili amekwama kwenye neno. Kwenye vituo vyangu mwanafunzi anaruhusiwa kujieleza kwa Kiswahili, sitaki kupima Kiingereza nikadhani napima uuguzi. Yule kijana wa mkono wa baridi alikuwa mmoja wao. Sapu yake alifanya akafaulu, yuko kituo cha afya kijijini huko, mwezi uliopita kanipigia kuniuliza kuhusu mama mmoja aliyekuwa hamuelewi, kasema hivyohivyo, simuelewi madam, na nilimwambia kama humuelewi usisubiri, mpe rufaa.

Binti wa chati nae yuko kazini, wodi ya wazazi, na ni mzuri. Niliwahi kumuomba radhi, akasema hapana madam, nikasema hapana wewe, karatasi ilikuwa yangu.

Jumanne tuna mtihani tena. Jana nilienda jikoni kumuona yule mama yetu wa kuigiza, amezeeka kidogo sasa, magoti yanamsumbua ila bado anakubali kulala pale siku nzima. Akaniuliza mwalimu safari hii naumwa nini. Nikamwambia umetoka kujifungua, tutakulowesha mikono maji ya friji kila kengele ikilia, wewe lala tu geuka geuka. Akasema sasa wakiniuliza naumwa wapi niseme wapi? Nikamwambia sema hauumwi popote, omba maji.